Walei Wakatoliki wa Eldoret na Msaada kwa Manusura wa Dhuluma za Makasisi

Dhuluma za kingono zinazotendwa na makasisi hujadiliwa mara nyingi kwa namna mbili, ama kama kashfa inayolichafua Kanisa, ama kama anguko la mtu mmoja aliyeukana wito wake, na katika namna zote mbili anayezungumzwa ni kasisi pamoja na wakubwa wake, huku aliyetendewa akitajwa kwa kupita tu, kana kwamba kazi yake ilikwisha alipotoa ushahidi. Uchambuzi huu unamtanguliza yeye. Neno manusura linatumika hapa kwa maana ya mtu aliyetendewa dhuluma hiyo, awe alikuwa mtoto au mtu mzima, na ambaye bado anaishi na athari zake. Neno mlei linatumika kwa maana yake ya kikanisa, yaani mwamini aliyebatizwa ambaye hana daraja takatifu la ushemasi, upadre au uaskofu, wala hajaweka nadhiri za kitawa. Swali ni hili: manusura anapofungua kinywa mjini Eldoret, walei wenzake wanaweza kumfanyia nini, na ni kitu gani kinachowafunga mikono?

Eldoret inafaa kwa swali hili kuliko miji mingi. Jimbo lake, ambalo mwanzo lilikuwa eneo la wamisionari wa Mtakatifu Patrisi kutoka Kiltegan nchini Ireland, lilipewa hadhi kamili ya jimbo mwaka 1959. Taasisi ya kichungaji ya Gaba, iliyoanzishwa karibu na Kampala na maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, ilihamia Eldoret katika miaka ya 1970, na tangu hapo mji huu umekuwa mahali ambapo vitabu na makala kuhusu Kanisa la kanda hii huandikwa na kuchapishwa. Maaskofu hao hao, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, ndio waliochagua jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani makundi ya familia jirani zinazosali na kusaidiana, kuwa msingi wa maisha ya parokia. Na vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, wakati wa Askofu Cornelius Korir, lilifungua uwanja wake kwa maelfu ya watu waliofurushwa makwao. Waamini wa mji huu, kwa hiyo, si wageni katika kazi ya kumpokea mtu aliyeumizwa. Jeraha linalozungumzwa hapa lina tofauti moja tu, nayo ni nzito: mkono uliolitia ndio ule ule uliotazamiwa kuliganga.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, na si kweli, kama wengine wanavyopenda kuamini, kwamba ni maradhi ya Wazungu yanayosomwa magazetini. Mwaka 2009 Cornelius Schilder, Mholanzi wa shirika la Mill Hill aliyekuwa askofu wa Ngong, aliacha uongozi wa jimbo hilo kwa sababu iliyotangazwa kuwa ya afya. Mwaka 2011 vyombo vya habari vya Uholanzi vilieleza, na shirika lake likathibitisha, kwamba alikuwa amezuiwa kufanya kazi za kichungaji kufuatia tuhuma za kumdhulumu kijana wa Kimaasai. Kwa miaka miwili, basi, waamini wa Ngong walimwombea askofu mgonjwa. Mwaka huo huo wa 2011 filamu ya BBC ilifichua yaliyotendwa na mapadre wa shirika la Rosmini katika shule ya bweni ya Soni, milimani Usambara nchini Tanzania, baada ya wanafunzi wa zamani, wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima waliotawanyika duniani, kutafutana na kuandikiana mpaka wakagundua kwamba kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake. Kabla ya hapo, mwaka 1994, Sista Maura O'Donohue, daktari na mtawa, alikuwa amepeleka Roma ripoti kuhusu masista waliodhulumiwa na mapadre, ikitaja nchi 23, nyingi zikiwa za Afrika. Ripoti hiyo haikufika kwa umma hadi mwaka 2001. Ilieleza kwamba tishio la UKIMWI lilikuwa limewafanya wanaume wengine kuwatazama masista kama wanawake walio salama. Ni vigumu kuisoma hoja hiyo bila kuona jinsi mtu aliyejitoa kwa Mungu alivyogeuzwa chombo.

Mfano mwingine hauhusu Wakatoliki, lakini ulitokea kusini mwa Bonde la Ufa na unafundisha zaidi kuliko mingine. Gregory Dow, Mmarekani aliyefungua makao ya watoto karibu na Boito katika kaunti ya Bomet kwa jina la umisionari, alikimbilia kwao mwaka 2017 tuhuma zilipoanza kusikika. Aliyehakikisha kwamba mambo hayaishii hapo hakuwa ofisa wala kiongozi wa dini. Alikuwa mwanamke Mkenya aliyekuwa akiishi Pennsylvania, aliyesikia habari hizo kwa watu wa kwao, akafunga safari, akawasikiliza wasichana wenyewe, akapeleka alichokipata kwa wapelelezi wa Marekani. Dow alikiri makosa mwaka 2020, na Februari 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 15 na miezi 8. Katika habari hii mna kila kitu ambacho mlei anahitaji kujifunza: aliamini, alikwenda, alisikiliza, alipeleka mahali panapostahili, na hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote ambaye jina lake lingechafuka.

Nchini Marekani walei Wakatoliki walijipanga kwa namna rasmi zaidi. Mtandao wa manusura ujulikanao kama SNAP ulianzishwa na Barbara Blaine mwaka 1988, na mwaka 2002, baada ya gazeti la Boston Globe kuonyesha jinsi mapadre wakosaji walivyokuwa wakihamishwa parokia hadi parokia, waamini wa kawaida walianza kukutana katika chumba cha chini cha kanisa moja la Wellesley karibu na Boston, wakaunda chama cha Voice of the Faithful kwa malengo matatu: kuwasaidia manusura, kuwaunga mkono mapadre waadilifu na kuleta mabadiliko katika uendeshaji wa Kanisa. Maaskofu kadhaa waliwakataza kukutania katika majengo ya Kanisa, ingawa kanuni ya 215 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawapa waamini uhuru wa kuunda vyama, na kanuni ya 212 inawatambulia haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kuhusu mema ya Kanisa. Hata hivyo mfano huo hauwezi kuhamishiwa Eldoret kama ulivyo, kwa kuwa ulizaliwa miongoni mwa watu wenye mawakili, mishahara na magazeti yaliyo tayari kuwachapisha, watu ambao askofu akiwafungia ukumbi wangekodi mwingine. Eldoret ina kitu kingine, nacho ni jumuiya.

Jumuiya hukutana nyumbani kwa mwanajumuiya, kwa zamu. Viti huazimwa kwa jirani, Injili ya Jumapili inayofuata husomwa, kila mtu husema neno lililomgusa, kisha sadaka huhesabiwa na matangazo kutolewa: nani amelazwa, nani amefiwa, mchango wa harambee umefikia wapi. Mama wa Chama cha Wanawake Wakatoliki, ambacho watu hukiita CWA, anamjua kila mtoto mtaani kwa jina, anajua nani ameacha kuja mafundisho ya kipaimara na nani ameanza kukataa kwenda kusafisha nyumba ya padre siku ya Jumamosi. Hakuna ofisi ya ulinzi wa watoto, iwe ya serikali au ya jimbo, inayoweza kuwa na masikio ya namna hiyo. Ishara za kwanza za dhuluma, kama vile mtoto mchangamfu kunyamaza, kukojoa kitandani tena au kuogopa mtu aliyekuwa akimpenda, huonekana hapa kabla hazijaonekana kwingine kokote.

Lakini jumuiya hiyo hiyo ndipo mahali penye hatari kubwa zaidi kwa manusura. Anayelalamikiwa ni yule anayeitwa Fada, ambaye wiki ijayo atakuja kuadhimisha misa ya jumuiya katika sebule hiyo hiyo. Mweka hazina ni shangazi wa mseminari ambaye barua ya paroko ndiyo itakayompeleka mbele. Na mama wa mtoto mwenyewe, pengine, amelipiwa karo na padre huyo kwa miaka mitatu. Jambo hili la karo halipewi uzito unaostahili. Katika familia nyingi padre ndiye anayejua wafadhili, ndiye anayeandika barua ya kuombea nafasi shuleni, na Kanisa Katoliki ni mdhamini wa shule nyingi za umma, kiasi kwamba kumshtaki mtu mmoja huonekana kuwa ni kuikata kamba inayowavuta watoto wote wa nyumba. Papa Fransisko, katika barua yake ya Agosti 2018 kwa taifa la Mungu, aliutaja ukleri, yaani tabia ya kumwona kasisi kama mtu wa tabaka la juu asiyehojiwa, kuwa jambo linalosaidia kuendeleza dhuluma hizi. Hapa kwetu ukleri huo hausimami juu ya heshima peke yake. Unasimama pia juu ya umaskini.

Kuna kizuizi kingine, na hiki kinatoka katika sifa njema kabisa ya Eldoret. Tangu machafuko ya miaka ya 1990, na zaidi baada ya 2008, jimbo hili limejulikana kwa kazi ya upatanisho kuanzia mashinani, ambapo wazee wa jamii zilizopigana hukaa pamoja, wakasikilizana, wakakubaliana na kuanzisha miradi ya pamoja. Katika jamii ya Wakalenjin baraza la kokwet, yaani mkutano wa wazee wa kijiji, limekuwa likisuluhisha migogoro tangu kabla ya ukoloni. Ni urithi wa kujivunia. Hata hivyo upatanisho unadai pande mbili zenye nguvu zinazokaribiana, kila moja ikiwa na kosa lake la kukiri na kitu chake cha kutoa. Msichana wa miaka 13 aliyedhulumiwa hana kosa la kukiri. Kumketisha mbele ya wazee pamoja na aliyemtenda, au kuwaita wazazi wake wakubali ng'ombe au fedha ili kesi imalizwe kinyumbani, ni kuitumia dawa ya maradhi mengine. Nalo neno msamaha, likitamkwa na mwanajumuiya katika juma la kwanza, hufanya kazi ya funika kombe mwanaharamu apite, hata kama aliyelitamka amejaa nia njema. Msamaha ni mali ya aliyekosewa, naye atautoa wakati wake ukifika, au hatautoa.

Sheria ya Kenya iko wazi kuliko desturi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa aliyefika 16 lakini hajatimiza 18. Kifungu chake cha 24 kinamtaja pia mtu anayetumia vibaya nafasi ya kuaminiwa. Uamuzi wa kuondoa mashtaka ya aina hii haumo mikononi mwa familia, wala mzee wa kijiji, wala askofu. Tena Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 124, inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu zake. Waamini wengi hawalijui hilo, nao humwambia mama kwamba bila shahidi hakuna kesi. Kwa maneno hayo machache tu mtoto hunyimwa haki ambayo bunge lilikwisha kumpa.

Kabla ya mahakama kuna hospitali, na hapo saa huhesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya tukio lazima zianzwe ndani ya saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Manusura hapaswi kuoga wala kubadilishwa nguo kabla ya kupimwa. Nguo zikishavuliwa hazifuliwi, na hufungwa katika karatasi au mfuko wa khaki, kwa sababu mfuko wa plastiki hushika unyevu na unyevu huozesha ushahidi. Daktari hujaza fomu ya huduma baada ya kubakwa, ambayo watu wa hospitali huiita PRC, na polisi hutoa fomu ya P3 inayokwenda mahakamani. Eldoret ina bahati kwamba Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianzisha kituo maalumu cha waliodhulumiwa kingono, kijulikanacho kama CAR-E, na kwamba simu ya watoto ya 116 hupigwa bila malipo kutoka popote nchini. Mama wa CWA anayejua mambo haya tu, na aliye tayari kupanda matatu usiku pamoja na mtoto wa jirani, ametoa msaada ambao mafungo kumi ya kiroho hayawezi kuutoa. Ikiwa semina za walei zina nafasi ya kufundisha utunzaji wa hesabu za jumuiya, zina nafasi pia ya kufundisha habari ya mfuko wa khaki.

Kwa upande wa Kanisa lenyewe, hati ya Papa Fransisko iitwayo Vos estis lux mundi, iliyoanza kutumika Juni 2019 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2023, ililitaka kila jimbo duniani liwe na mahali panapojulikana pa kupokelea taarifa, iliwalazimu makleri na watawa kuripoti, ilikataza kumwekea mlalamikaji sharti la kunyamaza, na iliagiza manusura wasikilizwe na kupewa msaada wa kiroho, wa kitabibu na wa kisaikolojia. Desemba 2019 siri ya kipapa, yaani kiwango cha juu cha usiri wa nyaraka za Kanisa, iliondolewa katika mashauri haya. Walei hawalazimishwi kuripoti kwa hati hiyo, ila wana haki ya kufanya hivyo, na ikiwa anayelalamikiwa ni askofu, taarifa yaweza kupelekwa moja kwa moja kwa Kiti Kitakatifu au kwa askofu mkuu wa kanda, ambaye kwa Eldoret ni yule wa Kisumu. Njia hizi ni njema na zitumike. Lakini taratibu za Kanisa haziwezi kuchukua nafasi ya polisi, na msaada kwa manusura hauwezi kutegemea ofisi ambayo mwajiri wake ndiye mwajiri wa mshtakiwa. Ofisi ya jimbo ikiwa na watu waadilifu, itafurahi kuona mlei huru akiwa ameketi upande wa manusura. Isipofurahi, hapo ndipo mlei huyo anahitajika zaidi.

Uhuru huo una masharti yake. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilitangaza kwamba padre mmoja Mwairishi alimbaka msichana nchini Kenya katika miaka ya 1980 na kuzaa naye. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mtoto hakuwa wake, nayo televisheni ikaomba radhi, ikalipa fidia na baadaye ikatozwa faini na mamlaka ya utangazaji. Wengine hulitumia tukio hili kuwafunga midomo manusura wote, na hiyo ni dhuluma nyingine, kwa maana uongo au kosa la mmoja haliwezi kuwa hukumu ya wengi. Linachofundisha ni mpaka wa kazi. Mlei anayemsaidia manusura si mpelelezi wala mwandishi wa habari: hamhoji mtoto mara kumi, hamtilii maneno kinywani, hatangazi jina la mtuhumiwa katika kundi la WhatsApp la parokia. Anaandika alichoambiwa kwa maneno yale yale, anaweka tarehe, na anawapelekea wenye mamlaka ya kuchunguza. Mtoto aliyehojiwa na katekista, kisha mwenyekiti wa jumuiya, kisha baraza la walei, akifika mahakamani ushahidi wake huwa umekwisha kuchakaa, na wakili wa upande wa pili hulijua hilo.

Manusura watu wazima wamesahaulika hata katika mijadala iliyo na huruma, na masista ndio wa kwanza kusahauliwa. Sista hana mama wa CWA. Akisema, hufukuzwa shirikani, hurudi kwao bila cheti wala akiba, na kijiji humpokea kwa minong'ono. Februari 2019 Papa Fransisko alikiri hadharani kwamba dhuluma dhidi ya masista zipo, lakini kukiri huko hakujampa sista aliyeondoka mahali pa kulala. Walei wanaweza. Nyumba moja ya familia ya Kikatoliki katika mtaa wa Kapsoya au wa Langas mjini Eldoret, inayompokea kwa miezi sita bila kumuuliza maswali, ina thamani kuliko azimio la kongamano, na hii ni kazi ambayo CMA, chama cha wanaume Wakatoliki, kingeweza kuibeba bila kusubiri waraka kutoka popote.

Muda nao ni sehemu ya mateso. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake na 18 ya wanaume wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ule wa 2019 ulitoa asilimia 15.6 na 6.4. Idadi imeshuka, lakini kesi hazijaharakishwa kwa kiwango hicho. Kesi huahirishwa kwa sababu hakimu amehamishwa, daktari hakufika, faili haionekani. Kila ahirisho ni nauli ya watu wawili, siku moja ya kibarua iliyopotea, na usiku mmoja wa mtoto kukariri tena mambo ambayo angependa kuyasahau. Jumuiya inayochanga kwa ajili ya gari la parokia inaweza kuchanga nauli hiyo. Na katika mahakama ya Eldoret, pale ambapo upande wa mshtakiwa huwa na wanakwaya, wazee wa kanisa na rozari mikononi, kwenye benchi la upande wa pili panatosha mwanamke mmoja wa jumuiya, aliyevaa kitenge chake cha CWA ili watu wote wamwone, akiwa amemshika mtoto mkono mpaka jina lake liitwe.